Mjadala: kupunguza spidi ya wimbo wa mtu, ni kuuharibu au ni kuusikiliza vizuri?

Wadau habari za baridi. Naomba tujadili hili kwa utulivu maana limeninyima raha toka juzi.

Nilipanda daladala Mwanjelwa, hapa Mbeya, naenda Uyole, konda kaweka wimbo wa injili ambao naujua toka niko sekondari, ila umepunguzwa spidi, umevutwa mpaka yule dada anayeongoza anasikika kama baba mtu mzima, halafu mwangwi umejaa utadhani wanaimbia ndani ya simtanki. Mama mmoja siti ya mbele akauliza huyu mwimbaji anaumwa? Konda akamjibu hapana mama, hiyo ni slo, ndo zinapendwa sasa hivi. Kumbe nyuma kakaa mwalimu wa kwaya, mzee wa heshima zake, akasema kwa uchungu kabisa kwamba mtunzi alichagua mwendo wa wimbo kama alivyochagua maneno, ukiubadilisha bila yeye kujua umemlisha maneno. Konda akasema mzee wangu bando nimenunua mwenyewe, simu yangu, spika yangu. Abiria wakagawanyika, tumefika Nanenane bado wanabishana, mi nikashuka Uyole sijasema neno.

Sikusema kwa sababu mimi napiga gitaa la solo kwenye kwaya na napunguza nyimbo spidi karibu kila wiki. Na wimbo wa kwaya yetu nao ulishapunguzwa na mtu tusiyemjua. Kwa hiyo ule ugomvi ulikua wangu pande zote mbili. Msimamo ninao na nitausema, ila kwanza tuelewane tunaongelea nini maana wengi wanachanganya.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kubadili spidi yote, wimbo unaenda taratibu na sauti inashuka. Waliokua na redio kaseti wanakumbuka betri zikianza kuisha, mwimbaji anakua mzito mzito, ndo kitu kilekile ila sasa hivi unakipima kwa namba. Wimbo wa dakika 4 ukiupeleka asilimia 80 ya spidi yake unakua wa dakika 5 na sauti zote zinashuka karibu nusu toni 4 (hatua nne za vitufe vya kinanda, vyeusi vikiwemo), yani ulioimbwa kwenye kii (ngazi ya sauti) ya C unaangukia karibu na A-flati. Ukiupeleka nusu kabisa umeshuka oktavu nzima, yani kutoka C mpaka C ya chini yake. Slo nyingi za mtandaoni ni hii njia pamoja na mwangwi juu yake. Njia ya pili ni kupunguza tempo (mwendo) peke yake, kii inabaki palepale. Hapo programu inakatakata sauti vipande vidogo sana halafu inavipanga upya kwa kuvilaza kimoja juu ya mwenzake ili wimbo urefuke bila kushuka, ndo maana ukizidisha unasikia ngoma inagonga mara mbilimbili na sauti za watu zinakua kama zina maji ndani. Mimi natumia programu ya Audacity, ni ya bure, iko toka mwaka 2000, inafanya zote mbili hata kwenye laptopu iliyochoka kama yangu.

Kwa nini napunguza? Nilikua najifunza solo za dansi la zamani, yale magitaa ya miaka ya 70. Nota zinapita mbio, sikio linashika ya kwanza na ya mwisho, katikati hamna kitu, na wa kukuelekeza hayupo maana waliopiga wengi wameshatangulia mbele za haki. Nikaweka tempo asilimia 60, kii ileile ili nisihangaike kutuni gitaa upya. Nikakuta kumbe yule mpigaji hapigi nota nyingi kama nilivyokua nadhani, anapiga chache tu, ila anaiwahi ngoma kidogo, kila mara, kidogo sana, na pale kwenye kuwahi ndo utamu wote ulipo. Miaka yote napenda wimbo ambao kumbe sijawahi kuusikia! Nilikaa na sentensi moja ya gitaa siku nne, na sijawahi kumheshimu mwanamuziki yeyote kama nilivyomheshimu yule.

Kwenye kwaya hivyohivyo. Watu wa bezi huwa wanapotea kwenye nyimbo zenye mapishano ya haraka, unawawekea taratibu mara tatu, mara ya nne unarudisha mwendo wake, wanaingia. Sasa mtu akiniambia kupunguza wimbo ni kuuharibu simwelewi, maana mimi nimeona watu wakiufikia wimbo kwa njia hiyo.

Upande wa pili sasa. Wimbo wetu tulirekodi kwa michango, kuna waliotoa hela, kuna aliyeleta gunia la viazi tukaliuza. Una dakika 3 na sekunde 24. Siku moja kijana wetu akaletewa kwenye simu wimbo wa dakika 4 kamili, nikapiga hesabu palepale, asilimia 85. Jina la kwaya halipo, jina la mtunzi halipo, kuna picha ya dirisha na mvua. Na umesikilizwa mara nyingi kuliko wetu wenyewe tulioupandisha kwa shida! Chini watu wanamshukuru mwenye ukurasa, umetuponya, ubarikiwe. Mama anayeongoza ule wimbo aliusikiliza wote mpaka mwisho kimya kimya halafu akasema, hii sauti sio yangu, ila pumzi ni zangu. Anamaanisha zile pumzi anazovuta kabla ya kiitikio, zinasikika wazi kabisa kwenye ile slo. Mi hilo neno sijalisahau.

Na niseme ukweli wote, ile slo ilikua nzuri. Kuna sehemu teno wetu wanashuka nusu toni, kwenye mwendo wa kawaida hatujawahi kugundua, pale imekaa wazi. Aliyeipunguza ana sikio. Ndo maana iliniuma zaidi, kwamba mtu mwenye sikio kama lile ameshindwa kuandika jina moja la kwaya.

Kwa hiyo msimamo wangu: punguza wimbo wowote unaoupenda, usikilize chumbani, ujifunzie, wafundishie wenzako kwenye mazoezi. Ukitaka kuupandisha hadharani muulize mwenyewe, jina lake liwe la kwanza kabisa juu na hela ikiingia iende kwake. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutajwa na haki ya kupinga kazi yake ikipotoshwa kwa namna inayomshushia heshima, kwa hiyo yule mwalimu wa kwaya hakua anaongea hasira tu, ana pa kusimama, COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, wapo kwa ajili hiyo. Wa Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe na kwingine karibuni tubishane.

---

Nimerudi, nimesoma yote, ndaga fijo kwa walioandika kwa kirefu. Najibu machache.

Ndugu yetu wa Iringa ameanza na salamu ya kamwene halafu akasema wimbo ukishatoka ni wa watu, mbona singeli imetoka kwenye taarabu iliyokimbizwa na hakuna aliyelia. Kamnogage kaka, hoja yako ni nzito. Ni kweli singeli ilizaliwa uswahilini Dar kwa watu kuchukua vipande vya taarabu na kuvizungusha mbio, leo unakuta biti inapita 200 kwa dakika. Ila angalia walichofanya: wamekata kipande, wamekizungusha, wameweka ngoma zao, MC kasimama juu yake na maneno yake na jina lake. Kimetoka kitu ambacho hakikuwepo. Mtu aliyevuta wimbo mzima kutoka mwanzo mpaka mwisho kwa asilimia 85 hajaongeza hata neno moja, na sina shida na hilo, shida yangu ni pale anaposimama mbele kama mwenye mali. Na hata huko kwenye singeli, wale waimbaji wa taarabu wa mwanzo mngewataja ningefurahi zaidi.

Kuna aliyesema haya ni mambo ya watoto wa simu, yataisha. Hapana mkuu. Santuri ya spidi 45 (mizunguko 45 kwa dakika) ukiipiga kwenye 33 inapungua karibu robo, wazee wameshacheza mchezo huo kabla hatujazaliwa. Na kule Houston, Texas, mwanzoni mwa miaka ya 90 alikuwepo dijei anaitwa DJ Screw, akipunguza nyimbo za rap, anazikatakata na kurudia maneno, anarekodi kwenye kaseti na watu wanazifuata nyumbani kwake kununua. Alifariki Novemba 2000 akiwa na miaka 29 tu, na leo santuri zake zimehifadhiwa kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Houston. Chuo kikuu! Kwa hiyo tusiseme ni upuuzi. Ila yule alijulikana kwa jina lake, na vijana wa mtaani kwake waliokua wanarap kwenye zile kaseti walijulikana kwa majina yao, na mimi hapo ndo napotaka tufike.

Dijei wa Makambako ameandika kwamba majina hakuna anayesoma, watu wanataka mdundo, na yeye akipiga slo usiku madereva wa malori ya Tunduma wanatulia. Kaka, kwamba hakuna anayesoma sio sababu ya kutoandika. Jiwe la kaburi nalo hakuna anayelisoma kila siku. Na wewe una maiki mkononi, sema tu wimbo huu ni wa kwaya fulani ya mahali fulani, sekunde tano, umemaliza. Kuna jambo lingine hamlisemi: wapo wanaopunguza kidogo au kupandisha kii kidogo kusudi ile mitambo ya mtandaoni ya kutambua nyimbo isiukamate, hela isiende kwa mwenyewe. Huyo sitamtetea, ni mwizi wa kawaida anayetumia kompyuta.

Walioandika kwamba slo zinawafanya vijana wawe na huzuni, sioni. Huzuni wanakuja nayo. Wimbo wa taratibu unampa mtu pa kuikalisha.

Halafu mdau mmoja ameuliza kwani wasanii wenyewe si wanatoa slo zao siku hizi. Ndio, miaka hii ya 2020 wasanii wakubwa wa nje wanatoa wimbo mmoja na matoleo ya haraka na ya taratibu, kwa jina lao, hela yao. Nimewapendekezea wenzangu kwenye kwaya tufanye hivyohivyo, tuweke ya kwetu wenyewe ya asilimia 85, teno wakishakaa sawa. Mwalimu wetu bado hajakubali, anasema mwendo alioupanga ndo ujumbe wenyewe. Namheshimu, wimbo ni wake, akisema hapana itabaki hapana.

La mwisho ni la dada wa Tukuyu, na hili kwangu ndo kubwa kuliko yote ya humu. Anasema amemrekodi bibi yake kwa simu, nyimbo za harusi za Kinyakyusa za zamani, bibi anaimba haraka na meno yamepungua, maneno mengine wajukuu hawayashiki, na bibi mwenyewe akiulizwa nje ya wimbo hayakumbuki, yanakuja akiwa anaimba tu. Anauliza apunguzeje ili aandike maneno bila kumharibu bibi.

Dada yangu, kabla hujagusa chochote hamisha rekodi kama ilivyo, weka kwenye fleshi mbili, moja mpe mtu mwingine wa nyumbani, isikae kwako. Kisha fungua nakala, usitumie ile ya kubadili spidi maana itamshusha awe babu, tumia ya tempo, sauti ya bibi ibaki ya bibi. Anza na kupunguza asilimia 25, wimbo wa dakika 4 utakua wa dakika 5 na sekunde 20, ukiona bado maneno yanapishana punguza mpaka asilimia 40, yani ibaki 60 ya mwendo wake, usizidi hapo maana konsonanti zinaanza kuchakaa, na Kinyakyusa ukipoteza konsonanti umepoteza neno. Kata rekodi kipande kimoja kimoja, mstari mmoja unaurudia hata mara ishirini na vipokea sauti masikioni, andika unachosikia hata kama hukielewi. Halafu mrudie bibi na ule mstari, umwekee mwendo wake wa kawaida, aimbe pamoja nao, we uwe na kalamu. Na juu ya daftari kabla ya mstari wa kwanza andika jina lake lote, kijiji na tarehe uliyomrekodi.