Kilimanjaro Marathon km 42: unapandaje Mweka kama mazoezi yako yote ni Dar?

mwendopole

Wakuu habari zenu. Nimejiandikisha km 42 za Moshi, zimebaki wiki 10. Nakimbia km 50 kwa wiki, zote Dar kwenye tambarare, mbio ndefu kuliko zote hadi sasa ni km 28, na mwendo wa kawaida ni dakika 6:00 kwa kilomita.

Kila ninayemuuliza ananijibu "ogopa kilima" halafu anaishia hapo. Naomba majibu yenye namba:
1. Kupanda kuelekea Mweka, kijiji cha juu mlimani, nipunguze mwendo kiasi gani?
2. Hapa Dar hakuna milima. Nijiandae vipi?
3. Nitegemee meza za maji tu au nibebe vitu vyangu?
4. Viatu na mengineyo.

Wajuzi karibuni.

---

kocha_wa_kitaa

Mkuu, kwanza ichore njia kichwani. Mnatoka uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, na karibu nusu nzima ya kwanza mnaimaliza barabara kuu ya kuelekea Dar, kwenda na kurudi. Ina vijiinuko vidogo lakini ihesabu tambarare. Mkisharudi mjini ndipo mnaikamata barabara ya Mweka. Mnapanda hadi karibu km ya 32, mnageuka, na zinazobaki ni mteremko mpaka uwanjani. Yote ni lami.

Njia nzima iko kati ya mita 830 na 1,150 juu ya usawa wa bahari. Yaani mnapanda kama mita 320 ndani ya km 10 hivi, wastani wa asilimia 3. Kwa macho hakionekani kilima kikali, na hapo ndipo watu wanapoponzwa: miguu ina km 21 tayari, barabara inainuka pole pole, mtu anaangalia saa, anaona mwendo umeshuka, anaongeza nguvu ili aurudishe.

Hesabu ya mkononi: kila asilimia 1 ya mwinuko inakula sekunde 8 hadi 12 kwa kilomita. Ukishuka, asilimia hiyohiyo inakurudishia kama sekunde 5 tu. Kilima hakilipi deni lote. Kwa mtu wa 6:00 ningepanga hivi:

- Nusu ya kwanza 6:10. Unafika km 21 kwa saa 2 na dakika 10.
- Kupanda 6:40 hadi 6:50. Unageuka ukiwa na kama saa 3 na dakika 24.
- Kushuka 6:00, ukipata 5:50 sawa, usiifukuzie. Unamaliza kwenye saa 4 na dakika 25.

Kwenye kupanda usiabudu saa, kwa sababu mwinuko haulingani: kuna vipande vya asilimia 1 na vingine vya 5. Kipimo chako ni pumzi. Kama huwezi kusema sentensi moja ya maneno sita bila kuikata, umezidisha. Fupisha hatua, mikono ifanye kazi, macho mita 10 mbele, usijikunje kiunoni. Na kutembea si aibu: sekunde 40 za kutembea kila meza ya maji zinakugharimu dakika moja au mbili tu kilima kizima, na unakunywa bila kupaliwa.

---

jiwe_la_kibo

Mnasahau hewa. Kule ni mlimani, mtu wa pwani anakosa oksijeni. Aende wiki moja kabla azoee, la sivyo atakata moto km 25.

---

kocha_wa_kitaa

Mkuu jiwe, jina la mlima linawatisha watu bure. Mlima una mita 5,895 lakini mbio haziendi huko. Arusha mjini ni kama mita 1,400 na Iten, kambi ya wakimbiaji kule Kenya, ni 2,400. Mita 1,150 zinakupunguzia kidogo sana, na unazipanda kwa saa moja na ushee kisha unashuka. Wiki ya hoteli ni hela ya bure.

Cha kuogopa ni joto. Kwa kawaida km 42 huanza saa 12:30 asubuhi (thibitisha kwenye ratiba ya mwaka wako), jua linachomoza muda huohuo. Kwa mwendo tuliopanga, unaanza kupanda saa 2:40, unageuka karibu saa 4, unaingia uwanjani saa 5 kasoro. Mwishoni mwa Februari Moshi iko kwenye miezi yake ya joto, na mchana nyuzi 30 zinapitwa bila shida.

Angalia hata wakubwa. Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alikimbia marathoni ya Boston Aprili 2025 kwa 2:05:04 akawa wa pili. Septemba mwaka huohuo kwenye joto la Tokyo akawa bingwa wa dunia kwa 2:09:48. Ni kweli mbio za ubingwa huwa za kuviziana, lakini joto lilikuwa na sehemu yake. Kama bingwa anakubali kwenda taratibu, sisi wa saa nne ni nani?

Habari njema: mtu wa Dar mwili wake unalijua joto kuliko wa Nairobi au Arusha. Ila kama unakimbia alfajiri tu, wiki mbili au tatu za mwisho toka mara mbili kwa wiki saa 3 asubuhi, dakika 50 hadi 60, mwendo mwepesi.

---

bibie_vigimbi

Mimi nitajibu namba 2, kwa sababu wote mnazungumzia kupanda wakati kinachoua Moshi ni kushuka.

Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki: inavutika huku imekaza. Kila hatua inachanika kidogo kidogo. Anayefanya mazoezi ya tambarare peke yake anafika km 32 akisema "sasa ni kuserereka", na km 36 mapaja yanagoma na magoti hayakunji. Pumzi anayo, miguu hana. Hakuna maji wala sukari inayotibu hiyo siku ya mbio. Inatibiwa mapema: misuli ikishaonja mteremko mara chache, mara inayofuata inaumia kidogo zaidi.

Kaka mwendopole, Dar kuna milima. Mlimani, Chuo Kikuu, panatosha kwa marudio mafupi. Barabara ya Pugu kwenda Kisarawe inatosha kwa vipande virefu, nenda alfajiri na angalia malori. Daraja la Kigamboni sahau, lina mita 680 tu na nusu yake ni kushuka.

Wiki 10 zipange hivi:

Wiki ya 1 hadi ya 3, mara moja kwa wiki: panda sekunde 90 kwa nguvu ya kati, shuka taratibu. Anza na marudio 6, fika 10. Wiki ya 4 hadi ya 7: panda dakika 10 mfululizo mara 3, kwa pumzi ya siku ya mbio. Kama huna kilima kirefu, mashine ya jimu kwenye asilimia 3 au 4 inafanya kazi hiyo, ila haikufundishi kushuka.

Kushuka anza wiki ya 3: mita 400 za mteremko wa wastani mara 4, ukiongeza hadi 6, mwendo wa 5:45. Siku mbili baadaye kushuka ngazi kutakuwa shughuli, ni kawaida. Rudia kila baada ya siku 10 hivi. Mara ya mwisho iwe wiki 3 kabla ya mbio, usisogeze karibu zaidi.

Mbio ndefu: 28, 30, 22, 32, 24, 32, kisha anza kupunguza. Moja ya zile km 32 imalizie kwa km 5 za kushuka, hata kama ni kuzunguka kilima kimoja mara tano kama mwehu. Usivuke saa 3 na nusu. Wiki tatu za mwisho punguza hadi robo tatu, kisha nusu na kidogo, kisha wiki ya mbio km 15 jumla kabla ya siku yenyewe.

Mara mbili kwa wiki nyumbani: simama kwenye ngazi ya sentimita 20, shusha mguu mmoja polepole kwa hesabu ya tatu mpaka kisigino kiguse chini, mara 10 kila mguu, seti 3. Vigimbi: inuka kwa vidole mara 15, seti 3. Ukifanya hili moja tu kati ya yote niliyoandika, tayari umemzidi jirani yako.

---

tende_na_maji

Namba 3. Kwa saa 4 na nusu mwili unataka wanga gramu 40 hadi 60 kila saa. Meza zipo, lakini usijenge mpango wako wote juu ya kitu ambacho hukijaribu mazoezini.

Vipimo vya kukumbuka: jeli moja (ile pakiti ndogo ya sukari nzito ya wakimbiaji) ina gramu 20 hadi 25. Ndizi mbivu ya wastani kama 25. Kola chupa ya mililita 300 ina sukari gramu 30 na kitu, ila itikise kwanza gesi itoke, la sivyo tumbo litajaa upepo kilimani.

Cha kutengeneza nyumbani: maji lita 1, sukari vijiko vya chai 12 vya kusawazisha (karibu gramu 50), chumvi robo kijiko cha chai, ndimu ya ladha. Usizidishe sukari. Maji yakiwa kama sharubati yanakaa tumboni, hayanyonywi, unaanza kichefuchefu na unalaumu jua. Beba nusu lita mkononi au kwenye mkanda kwa km 20 za kwanza.

Anza kula dakika ya 35, usisubiri kusikia njaa. Kisha kila dakika 30. Kula kingi kabla ya kilima, kwa sababu ukiwa unahema tumbo linakataa. Jeli inywe na maji, si na soda.

Maji: fuata kiu, kwa watu wengi ni mililita 400 hadi 800 kwa saa. Jipime uzito kabla na baada ya mbio ya saa moja kwenye joto, kilo 1 iliyopungua ni lita 1 ya jasho. Usitafute kurudisha yote, na usimalize mbio na uzito ulioongezeka. Anayekunywa kila meza vikombe viwili "kwa usalama" anazimua chumvi ya damu: kichwa kinauma, vidole vinavimba, anachanganyikiwa, na watu wanamwongezea maji wakidhani yamempungukia. Hilo linaua.

Maji ya ziada yamwage kichwani na shingoni.

---

mwendopole

Shukrani sana wakuu. Maswali mawili: ile poda ya ORS ya dukani si ndiyo rahisi zaidi? Na vidonge vya maumivu nimeze kabla ya kuanza ili mapaja yasisumbue?

---

tende_na_maji

ORS ni dawa ya kuharisha. Pakiti ya lita 1 ina glukosi gramu 13.5 tu na chumvi gramu 2.6. Chumvi ipo, mafuta ya injini hayapo. Weka pakiti moja begini kwa ajili ya baada ya mbio.

Vidonge hapana kabisa. Diclofenac na ibuprofen vikikutana na jasho jingi na joto vinaziumiza figo, na vinaficha maumivu yaliyokuwa yanakuonya. Ukiona vipele vya baridi mwilini juani, au kizunguzungu, au unashindwa kukumbuka uko km ya ngapi, simama kivulini na uite wahudumu.

---

bibie_vigimbi

Namba 4 haraka haraka. Raba ziwe zimekimbia kati ya km 80 na 400, mpya kabisa usithubutu. Mbele ya kidole kikubwa pabaki upana wa dole gumba, kwa sababu kwenye mteremko mguu unateleza mbele, na ndiyo maana kucha zinavia damu. Kamba zipitishe hadi tundu la mwisho juu kabisa, kifundo kikazwe, vidole viachwe huru. Kucha kata siku tatu kabla, si usiku wa kuamkia. Mafuta ya mgando makwapani, mapajani, na kwenye chuchu kwa wanaume.

Barabara ya Mweka mnagawana na watu wa km 21, na wengine watakuwa wanashuka kasi wakati wewe unapanda. Kaa upande wako, usikate kona.

Safari: basi la Dar linakula siku nzima, kwa hiyo fika Ijumaa, si Jumamosi usiku. Weka nafasi ya kulala mapema, namba ichukue siku zilizopangwa kabla, usiitegemee asubuhi ya Jumapili. Amka saa 9:30 usiku, ule mkate mweupe na asali au ndizi mbivu mbili na chai isiyo na maziwa.

Na Jumamosi utakaribishwa kiburu, ndizi na maharage za Kichaga. Maharage yaliyomo yatakudai kilimani. Mwambie mwenyeji akuwekee, na mtori pia, utavimaliza Jumapili mchana.