Mgeni njoo, lakini ni mwenyeji yupi anayepona?

Wadau, kila mada ya uwekezaji wa kigeni inapoibuka tunagawanyika makambi yaleyale mawili: kuna wanaosema wageni wanatunyonya, na wanaosema bila mitaji yao hatusogei. Nimechoka na yote mawili. Leo naomba tumjadili mtu wa tatu, ambaye huponyoka mjadala ukishapamba moto: yule aliyeshika kalamu upande wetu wa meza.

Mwekezaji hajawahi kuficha anachotaka. Anatafuta faida, kwa hiyo ataomba msamaha wa kodi, ataomba ardhi, ataomba mrabaha mdogo, yaani ile sehemu ya thamani ya madini anayoilipa serikali. Kuomba si kosa. Nani alimkubalia?

Tazameni Zambia. Ilipouza migodi yake ya shaba mwishoni mwa miaka ya 1990, bei ya shaba ilikuwa chini na wakopeshaji walikuwa wameikaba serikali koo. Hilo nalikubali, maana aliyekabwa hapatani bei vizuri. Lakini mikataba ile ilishusha mrabaha hadi 0.6%, ikaahidi kwamba masharti ya kodi hayataguswa kwa miaka mingi, kisha ikafanywa siri. Shaba ilipopanda bei miaka iliyofuata, nchi ikabaki kutazama mapato yakipita, hadi serikali ilipoamua kuivunja mikataba hiyo mwaka 2008. Mimi siri inanikera kuliko hata hiyo 0.6%. Mtu akiwa na shida anaweza kuuza kwa hasara, sawa. Ila bei anamficha nani? Mnunuzi anaijua, benki ya mnunuzi inaijua. Asiyeijua ni mwenye mali peke yake.

Halafu kuna Botswana, ambayo almasi ya Orapa iligunduliwa 1967, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, nchi ikiwa miongoni mwa maskini kabisa duniani. Orapa iko katika eneo la Bangwato, kabila ambalo rais Seretse Khama alizaliwa kuwa chifu wake. Angeweza kuung'ang'ania utajiri huo ubaki nyumbani kwao. Badala yake sheria ya 1967 ikaweka haki za madini mikononi mwa taifa. De Beers, kampuni kubwa ya almasi, walikaribishwa, na serikali ilianza na hisa chache za mgodi. Katikati ya miaka ya 1970 ilirudi mezani, ikatoka na nusu ya hisa. Mgeni alikuwa mgeni yuleyule anayelaumiwa kwingine, naye hakufukuzwa.

Najua hoja itakayokuja: viongozi wetu wanaburutwa kwenye mabaraza ya usuluhishi huko ng'ambo, yanayoamua migogoro ya mikataba, hawana ubavu. Kweli, mabaraza hayo yana meno. Nigeria ilisaini mkataba wa gesi mwaka 2010 na kampuni ya P&ID, iliyosajiliwa British Virgin Islands. Mtambo haukujengwa, lakini 2017 Nigeria iliamriwa kulipa dola bilioni 6.6, na riba ikaupeleka mzigo huo juu ya bilioni 11. Kilichoiokoa ni Mahakama Kuu mjini London, ambayo Oktoba 2023 ilikuta kampuni ilikuwa imemhonga ofisa wa wizara. Ndiyo, mhongaji alikuwa mgeni na simtetei. Lakini rushwa haipokelewi na hewa.

Msimamo wangu ni huu: mkataba wowote wa rasilimali za umma uchapishwe wote kabla ya kusainiwa, na usiochapishwa usiwe na nguvu kisheria. Wataniambia kuna siri za kibiashara. Mchoro wa mtambo, labda. Kiwango cha mrabaha hakimo humo. Hiyo ni kodi ya nchi inayopitishwa mlango wa nyuma. Na kuhusu kutisha wawekezaji, EITI, mpango wa kimataifa wa uwazi katika mafuta, gesi na madini, unazitaka nchi wanachama zichapishe mikataba iliyosainiwa tangu Januari 1, 2021, na kampuni kubwa zinaendelea kuchimba katika nchi hizo. Udhaifu wake ni kwamba mkataba unachapishwa wino ukishakauka.

Anayetetea usiri anitajie mkataba mmoja tu ambao kufichwa kwake kulimnufaisha mwananchi. Akiupata, nabadili msimamo hapahapa.