Nimelipia difu mbili, fundi kabadilisha meno ya nyuma tu, ya mbele kaacha, gari limenivunjikia porini Sikonge

Wakuu salaam. Niko Tabora mjini, naandika huu uzi nikiwa nimekereka kweli kweli, naomba mods msiuunganishe na nyuzi nyingine manake kuna watu wana gari za kazi kama yangu na wataliwa hela kama nilivyoliwa mimi.

Iko hivi. Nina Hilux ya zamani ya dizeli, injini 3L (hilo ni jina la injini, sio lita tatu), gia tano za mkono, ile yenye eksili ngumu mbele, yaani bomba moja la chuma toka tairi mpaka tairi. Biashara yangu ni asali, nafuata Sikonge huko ndani kwa warina asali, napeleka Igunga na Singida kupitia Nzega, safari ya kilomita 300 na ushee kwenda tu. Gari haijawahi kunisumbua injini hata siku moja. Shida yake ilikuwa meno ya difu, zile gia za katikati ya eksili zinazopeleka nguvu kwenye matairi, ilikuja na 41 kwa 9. Kwa wasiojua, krauni, gia kubwa ya ndani ya difu, ina meno 41 na pinioni, ile ndogo inayoizungusha, ina 9, kwa hiyo propela, ile shafti ndefu toka giaboksi, inazunguka mara 4.556 ndo tairi lizunguke mara moja. Ni meno mazuri ya mzigo na milima. Sasa ukiwa lami, toka Nzega kwenda Igunga pale palivyonyooka, unaweka ya tano unafika 90 injini inalia kama mashine ya kusaga, mkono wenyewe unarudi kwenye gia kutafuta ya sita na ya sita hakuna. Ukishuka Singida masikio yanavuma mpaka usiku, mtu anakuongelesha unamwambia rudia.

Nikapiga hesabu zangu. Matairi yangu 205R16, kila mzunguko ni kama mita 2.25, kwa hiyo ukiwa 100 tairi linazunguka kama mara 740 kwa dakika, zidisha 4.556, zidisha na gia ya tano ambayo ni 0.85 hivi, injini iko 2,870. Ukiweka meno ya 41 kwa 10, yaani 4.1, mwendo ule ule injini inashuka mpaka 2,580 hivi. Karibu mizunguko 300 kwa dakika imepungua, giaboksi hujaigusa, injini hujaigusa. Na nilijua kabisa hasara yake, kwamba mlima Sekenke ukitoka Shelui na mzigo ntateseka, pale nilipokuwa napanda na ya tatu ntashuka ya pili. Nililikubali hilo kwa roho moja, Sekenke ni kipande kifupi, lami iliyonyooka ndo inakula mafuta yangu kila wiki.

Nikaenda gereji moja hapa mjini, silitaji jina. Nikamweleza fundi neno kwa neno, nataka 41 kwa 10 nyuma NA mbele, manake gari ni fowili, matairi yote manne yanasukuma, na naitumia fowili msimu wa mvua. Akaniambia "Bosi hiyo kazi nimeifanya sana, seti mbili zinakuja na basi kutoka Dar, lete hela." Nikampa laki tisa na nusu, seti mbili za krauni na pinioni za mtumba pamoja na ufundi wa difu mbili. Risiti ya kuandika kwa mkono ninayo, imeandikwa "difu 2".

Siku ya kazi nilikaa hapo kama saa mbili hivi nikaondoka kwenda kusali, na hilo najilaumu mpaka leo. Lakini hata hizo saa mbili niliona mambo ambayo ningekuwa najua ninayojua sasa ningemnyang'anya spana. Kafungua ya nyuma, kachomoa krauni na pinioni, kaweka za mtumba kwenye nyumba ile ile na beringi zile zile za zamani na shimu zile zile, vile visahani vyembamba vya kurekebisha nafasi. Ile bomba nyembamba inayokaa kati ya beringi mbili za pinioni, ambayo inabonyea ukikaza nati na hutumika mara moja tu, karudisha ya zamani ilishabonyea. Nati ya pinioni kakaza kwa bomba refu anasikilizia mkono. Geji ya kupima pleyi, yaani kale kanafasi kati ya meno, hana, rangi ya kupaka kwenye meno uone yanagusana wapi hana. Wakuu, pleyi kati ya krauni na pinioni ya hiyo difu inatakiwa iwe kati ya milimita 0.13 na 0.18, hicho ni kitu cha kupima, hakuna mkono wa binadamu unaosikia 0.13.

Matokeo nimeyapata siku hiyo hiyo. Mtu nimetafuta utulivu barabarani, injini imetulia kweli, lakini toka 70 mpaka 85 difu inalia WUUUUUU ukikanyaga mafuta, ukiachia mguu inanyamaza, ukikanyaga inaanza tena. Nikarudi kwake, ananiambia "Meno mageni hayo bosi, yakizoeana yatanyamaza." Krauni na pinioni wamesagwa pamoja kiwandani, ni mtu na mkewe, ukiwafunga vibaya hawazoeani, wanalana. Kilomita elfu moja baadaye oili namba 90 imetoka nyeusi, inang'aa chuma ukiipitisha kwenye jua.

Halafu la spidomita hakunigusia kabisa. Kwenye gari hizi waya wa spidomita unatoka nyuma ya giaboksi, kabla ya difu, ukibadili meno ya difu spidomita inaanza kudanganya. Mi naona 50 kwenye dashibodi napita kijijini kwa adabu zote, tochi inasoma 56, nimeandikiwa elfu thelathini. Trafiki simlaumu, yeye kasoma tochi yake. Nilipowasha simu nikapima, spidomita ikiwa 80 gari iko 89. Kuna kigia kidogo cha plastiki kinachozungusha huo waya, kinabadilishwa kwa chenye idadi nyingine ya meno na mambo yanakaa sawa, ni kazi ya nusu saa. Fundi wa difu asiyejua hicho kigia hajui kazi, na kama anajua akakaa kimya huyo ni mbaya zaidi.

Na kilomita nazo zinahesabiwa pungufu, ndo maana nilichanganyikiwa kwenye mafuta. Zamani nilikuwa napata kilomita 9.5 kwa lita. Baada ya kubadilisha napiga hesabu napata 9.2, nikaona nimeibiwa mara mbili. Mpaka nilipozidisha na 1.11 kurekebisha huo uongo wa spidomita ndo nikaona kumbe ni 10.2. Kwa hiyo wazo lenyewe ni sahihi wakuu, asiwadanganye mtu, mafuta yamepungua na injini inapumua. Ila msitegemee kwamba ukipunguza mizunguko asilimia kumi na mafuta yatapungua kumi, upepo unaousukuma kwa 100 ni ule ule meno yawe yoyote, na dizeli yetu hii haina ile throto ya kuinyima hewa kama petroli kwa hiyo faida yake ni ndogo kidogo kuliko ya mwenye petroli. Mi hiyo niliyoipata ilinitosha kabisa.

Sasa twende kwenye yenyewe iliyonifanya nifungue uzi.

Juzi kati mvua imenyesha, niko ndani huko Sikonge, njia ya mbuga, ule udongo mweusi unaokamata tairi kama ugali wa moto. Ndoo 22 za asali nyuma, ndoo moja ya lita 20 ni karibu kilo 28, hebu fikirieni uzito. Nikashuka nikafunga habu za mbele, zile za kuunganisha tairi na eksili, nikaweka fowili. Gari ikatoka kwenye tope lakini inatetemeka, usukani unanivuta, kama kuna mtu kashika gari kwa nyuma. Nikadhani ni tope. Nimefika kwenye changarawe ngumu nataka kutoa fowili, ile gia ndogo imeng'ang'ania, haitoki mbele haitoki nyuma. Nikasogea kidogo nikasikia KAA! chini mguuni upande wa kulia. Habu imepasuka, na jointi ya eksili ya mbele ndani imekatika. Saa kumi na mbili jioni. Nimelala hapo na asali yangu, siafu wamepanda kwenye bodi usiku kucha nawafagia na majani, asubuhi nimelipa trekta kunivuta mpaka barabarani.

Pale Sikonge kuna mzee mmoja fundi, nikamwamkia "mwangaluka baba", kaangalia gari hata dakika tano hazijaisha kaniuliza, "Mwanangu, hii difu ya nyuma na ya mbele ni ndugu?" Nikamwambia ndugu mzee wangu, zimebadilishwa zote mwezi uliopita. Kanyamaza. Kachukua kipande cha mkaa jikoni kwa mkewe akaniita chini ya gari. Kapiga jeki tairi moja la nyuma, lingine liko chini, gia iko huru, fowili kaifungua kifaa baada ya kifaa mpaka ikatoka. Kachora alama kwenye tairi na alama kwenye propela. Mjukuu wake anazungusha tairi mizunguko 20, mi nimelala chali kwenye matope nahesabu propela. Arobaini na moja. Hiyo ni 4.1, sawa kabisa, kwa sababu tairi moja likizunguka mara mbili wakati lingine limesimama, krauni inazunguka mara moja. Tukaenda mbele, upande wa kushoto uliobaki mzima, habu imefungwa, na kipande cha eksili ya kulia kimebanwa kisizunguke. Mizunguko 20, nahesabu, arobaini na moja imepita, arobaini na tatu, arobaini na tano, na nusu. Wakuu nilisikia tumbo limekuwa baridi. Mbele bado ni 41 kwa 9 ile ile niliyonunua nayo gari!

Mzee kanionyesha kidole kwenye nati za difu ya mbele. Zina tope la mwaka juzi, kavu, limeshikana na grisi ya zamani, hakuna spana iliyogusa pale. Nyuma nati zote zinang'aa. Ningechungulia tu siku ile natoka gereji ningeona. Mbele inataka kwenda mwendo wake, nyuma mwendo wake, tofauti asilimia 11, na fowili imezifunga pamoja. Kwenye tope matairi yanateleza yanasameheana kidogo, ukigusa ardhi ngumu lazima kitu kikatike.

Nimerudi mjini nimemfuata. Mwanzo kakataa, nikamwonyesha video ya kuhesabu. Ndo akasema seti ya mbele haikuja na basi, na "mbele wewe huitumii sana bosi, nikaona nisikucheleweshe." Hela yangu ya seti ya mbele umeipeleka wapi? Kimya. Nikamwambia ungeniambia tu, ningefungua propela ya mbele nikatembea na nyuma peke yake hata miezi sita mpaka seti ije, gari ingekuwa salama. Ananijibu spea za mtumba garantii yake inaishia getini. Mi sijalalamikia spea ya mtumba, nalalamikia spea ambayo haipo! Kaniachia watoto wa gereji wanizonge, nikaondoka kabla sijafanya kitu cha kunipeleka polisi mimi badala yake.

NAONGEZEA: wanaouliza kwa nini nisingeweka tu matairi makubwa nikaacha difu. Tairi kubwa nalo linapunguza mizunguko kweli, lakini kupata hiyo asilimia 11 unahitaji tairi refu kwa karibu sentimita nane, linagusa madigadi ukikata kona, breki zinazidiwa na mzigo, na spidomita bado itadanganya vile vile. Na we uliyesema niuze ninunue otomatiki, hujanisaidia.

Mwingine kauliza kama anaweza kubadili ya nyuma tu kwenye pikapu isiyo na fowili. Unaweza, we huna mbele ya kugombana nayo. Ila mwambie fundi akuonyeshe geji kabla hujatoa hata shilingi, akuonyeshe rangi kwenye meno kabla hajafunga kifuniko, beringi mpya, na ile bomba ya kubonyea mpya. Na uhesabu mwenyewe kwa mkaa au chaki, mizunguko 20, kabla hujamalizia hela.

Ninachodai ni hela ya seti ya mbele, ufundi wa mbele, habu na jointi. Difu ya nyuma inayolia ntaitengeneza mwenyewe kwa mzee wa Sikonge. Jumatatu naenda na risiti, video na mtendaji wa mtaa. Kama kuna mdau Tabora au Kigoma ana seti ya mbele ya 41 kwa 10 ya Hilux eksili ngumu, krauni na pinioni zimetoka difu moja na meno hayajaliwa, anicheki PM na picha ya meno, nakuja kuhesabu mwenyewe.