Jina la Kihispania Javier: asili yake ni Kiarabu au Kibaski?

Mdadisi:
Habari zenu, wanajukwaa. Naomba msaada kuhusu jina Javier, ambalo Wahispania huwapa watoto wa kiume. Katika orodha kadhaa za majina nimekuta limeelezwa kuwa ni la Kiarabu na kwamba maana yake ni "angavu", lakini hakuna hata orodha moja iliyotaja neno la Kiarabu lililolizaa. Nimelilinganisha na Jabir na Jaafar, nikaona halioani na lolote kati ya hayo. Limetoka wapi hasa?

Mpenda Lugha:
Ndugu Mdadisi, shaka yako ina msingi. Javier lilikuwa jina la mahali kabla halijawa jina la mtu, na mahali penyewe ni kijiji chenye ngome huko Navarra, kaskazini mwa Hispania. Kwa Kibaski, lugha ya kale ya eneo hilo isiyotokana na Kilatini, etxe ni nyumba na berri ni -pya, kwa hiyo Etxeberri ni "nyumba mpya". Nasi tunaosema Kiswahili hatuna haja hata ya kugeuza mpangilio wa maneno, kwa kuwa kivumishi hiki cha Kibaski nacho hufuata nomino yake. Vinywani mwa watu waliosema lugha zilizotokana na Kilatini, irabu ya mwanzo ilidondoka, na e ya berri ikawa ie, kama vile terra ya Kilatini ilivyozaa tierra ya Kihispania, hadi likapatikana Xavier, ambalo wakati huo lilianza kwa sauti ya sh.

Katika ngome hiyo alizaliwa Francisco mwaka 1506, yule mmisionari wa shirika la Kikatoliki la Wajesuiti aliyefariki mwaka 1552 kisiwani karibu na pwani ya China. Alipotangazwa mtakatifu mwaka 1622, Wakatoliki walizidi kuwabatiza watoto wao kwa jina Francisco Javier, na baadaye sehemu ya pili ikasimama peke yake. Jambo hili hunigusa kila ninapolifikiria: mzazi anayemwita mwanawe Javier anamwita kwa jina la nyumba aliyozaliwa mtu mwingine karne tano zilizopita.

Binti Kamusi:
Nakubaliana na Mpenda Lugha, nami naongeza kwamba jina la ukoo Echeverría limetokana na maneno yayo hayo mawili; ile a ya mwisho ni kiambishi cha Kibaski kinachoonyesha kuwa nyumba inayotajwa ni mahususi. Wapenzi wa kandanda nao wamekwisha kulisikia jina Javier kwa sura tatu, pengine bila kutambua kuwa ni moja: Javier Zanetti wa Argentina, Xavi Hernández wa Catalonia, jimbo la Hispania lenye lugha yake ya Kikatalani, na Xabi Alonso, ambaye ni Mbaski.

Mdadisi:
Nashukuru sana, nimeelimika. Kama hapo kale lilitamkwa kwa sh, herufi j imeingiaje, na leo Wahispania hulitamkaje?

Mpenda Lugha:
Sauti ile ya sh ilirudi nyuma kinywani polepole hadi ikafanana na kh, kisha mwaka 1815 Chuo cha Lugha ya Kihispania kikaagiza sauti hiyo isiandikwe tena kwa x. Ndiyo maana Quixote wa zamani, yule mhusika wa riwaya maarufu ya Kihispania, leo ni Quijote. Kwa hiyo anza na kh kama ya Khamis, itamke v kama b laini, na mkazo uuweke kwenye silabi ya mwisho, si ya kwanza kama Kiswahili kingekuelekeza: kha-BYER. Wabaski na Wakatalani wao wameibakiza sh.