MJADALA: Sura ya Kenya katika Masks of Nyarlathotep: tuiandike upya, tuiruke, au tuiache ilivyo?

Mwanzisha mada

Wadau, nina jambo limenikaa moyoni tangu Jumamosi. Naomba tulijadili kwa hoja.

Kwa asiyeufahamu mchezo huu: Masks of Nyarlathotep ni kampeni ya kutisha ya mchezo wa kuigiza mezani uitwao Call of Cthulhu. Kampuni ya Chaosium ya Marekani iliitoa mwaka 1984. Mchezeshaji anasimulia, wengine wanaigiza wapelelezi wa mwaka 1925, na dadu ndizo zinazoamua nani amepona na nani amerukwa na akili. Hadithi inaanzia New York, inapita London na Cairo, inafika Kenya na Shanghai. Australia iliongezwa baadaye. Msafara wa tajiri kijana, Roger Carlyle, uliangamia Kenya, na wapelelezi wanafuata nyayo zake.

Kwa hiyo fumbo zima limezaliwa kwetu, lakini sura ya kwetu ndiyo dhaifu. London ina milango mingi ya kuingilia na kutokea. Kenya ina barabara moja: shuka Mombasa, panda treni, ulizauliza Nairobi, nenda Mlima wa Upepo Mweusi, ukashuhudie ibada ya Nyarlathotep, mungu wa kutisha wa hadithi hii. Kuhani mkuu ni mwanamke anayeandikwa M'Weru, na hicho kikoma cha juu kimepachikwa ili jina lionekane geni, ilhali Mweru ni jina ambalo Mkenya yeyote analitamka bila kusita. Wafuasi wake ni umati tu. Hawana shamba, hawana mtoto mgonjwa, hawana kodi ya kibanda inayowakosesha usingizi.

Jumamosi tulikuwa watano mezani kwangu. Nilikuwa nimechapisha zile habari za gazeti wanazozipata wapelelezi, nikazichovya kwenye chai ya rangi na kuzianika ili zionekane kuukuu. Mojawapo inasema kwamba mwaka 1920 Wanandi watano walinyongwa Nairobi, baada ya kesi fupi, kwa kuuangamiza msafara wa Carlyle. Aliyekuwa akiisoma kwa sauti, bibi yake ni wa Nandi. Alipofika hapo alinyamaza, akaishika karatasi kwa mikono miwili, akairudia kimyakimya. Kisha akaniuliza, "Hawa watano walikuwa akina nani?"

Katika karatasi ile hawana majina.

Akauliza tena, msafara uliuawa wapi? Karibu na msitu wa Aberdare, yaani Nyandarua. Akageuza karatasi akachora ramani kwa penseli: Nyandarua huku, Bonde la Ufa katikati, vilima vya Nandi kule, zaidi ya kilomita 150. "Walifuata nini huko?" Sikuwa na jibu, na mchezo haukuendelea usiku ule.

Msimamo wangu ni kwamba tusiiruke. Tuiandike upya na kiini chake kiwe kesi ile. Ndani ya hadithi yenyewe watano hawa wamesingiziwa, lakini waandishi wanaligusa jambo hilo kama kidokezo na kukimbilia mlimani. Mimi naona hofu yote ya sura hii iko mahakamani. Kwa nini Wanandi? Mtu anayejua historia haulizi mara mbili. Walipigana na Waingereza tangu 1895 hadi 1905, na mwaka huo, tarehe 19 Oktoba, kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa na Meinertzhagen, ofisa wa jeshi la Waingereza, katika kikao kilichoitishwa kwa jina la amani. Serikali iliyotaka watu wa kunyonga upesi mwaka 1920 ilijua pa kuwatafuta.

Naomba maoni yenu.

Mchangiaji, Kapsabet

Asante kwa kuuliza kabla ya kuandika. Mimi napinga. Koitalel ana wajukuu na vitukuu walio hai. Kila ukisema historia iingizwe kwenye mchezo wa mazimwi, kuna siku mchezeshaji mwingine asiyejua kitu atamweka Orkoiyot, yaani kiongozi wetu wa kiroho kama Koitalel, mezani na kumfanya mchawi. Wakoloni walianza hivyohivyo: walimwita mganga wa uchawi ili ionekane halali kumwua. Mwanawe, Barsirian arap Manyei, walimkamata mwaka 1923 na hakuachiliwa hadi 1964. Hesabu mwenyewe hiyo miaka. Wapelelezi wako wakishuka Nairobi mwaka 1925, yeye yuko kizuizini. Sasa wewe unataka nani aogope nini? Ruka sura, waende Shanghai.

Mchangiaji, Mombasa

Ndugu zangu, mnaubebesha mchezo mzigo usio wake. Kampeni hii ina wauaji wa ibada kila mji, London ikiwemo, na Waingereza wanaucheza. Tena toleo la 2018 limezipitia upya sura zote na kuongeza ya Peru. Mengi yamerekebishwa humo. Tatizo lililobaki ni la ufundi, yaani vidokezo ni vichache na njia ni moja. Lirekebisheni hilo. Kwa mfano Mombasa imefanywa stesheni tu. Mtu anashuka Kilindini asubuhi, jioni yuko kwenye behewa! Wakifika wakati kaskazi inavuma, majahazi ya Arabuni yamejaa bandari ya kale, na kila nahodha ana habari. Hapo kuna vikao viwili vizima vya kucheza kabla hujaiona Nairobi.

Mchangiaji, Nairobi

Nami niseme kama mwanamke niliyelelewa Pumwani. Mbona hofu yetu wenyewe haimo? Bibi yangu alitusimulia habari za wazimamoto: kwamba usiku wanakamata watu, wanawatoa damu, damu inapelekwa kutengenezwa dawa. Pwani mnawaita mumiani. Alipotusimulia alikuwa anafunga komeo kwanza, ndipo anaanza. Hadithi hizo zilivuma miji mingi ya Afrika Mashariki wakati wa mkoloni, na anayeogopwa ndani yake ni mtu wa serikali mwenye sare na gari. Geuza sura nzima upande huo. Watu wa mlimani wasiwe ndio wa kutisha.

Mwanzisha mada

Nimesoma yote, na nimebadilika kwa sehemu.

Wa Mombasa, majahazi nayachukua, asante sana. Lakini kuhusu London sikubaliani nawe. Wauaji wa London wamezungukwa na Waingereza wa kila aina: polisi, mhariri, msomi, mlevi. Hakuna mchezaji atakayeinuka mezani akidhani Waingereza wote ni wale. Kenya tumepewa nani? Johnstone Kenyatta, yaani Jomo Kenyatta wa baadaye, yumo, lakini kazi yake ni kuelekeza njia. Na huyu mwaka 1925 alikuwa mtumishi wa idara ya maji ya manispaa ya Nairobi, akisoma mita! Mtu anayepita nyumba kwa nyumba angejua ni nyumba ipi ya mzungu mpweke inayotumia maji ya watu thelathini. Kidokezo kimoja cha namna hiyo kina uhai kuliko mlima wote.

Dada wa Nairobi, hilo komeo la bibi yako litakuwa mwanzo wa kikao. Wapelelezi ni wageni, wanabisha hodi Pumwani usiku, na ndani wanasikia komeo likifungwa. Wao ndio wanaoogopwa.

Ndugu wa Kapsabet, umenigusa zaidi. Nakuahidi Orkoiyot hatakuwa mhusika, si baba wala mwana. Lakini kuruka siwezi, kwa sababu tukiruka, ile karatasi ya gazeti inabaki kuwa neno la mwisho: watano, wamenyongwa, basi. Nilichofikiri ni hiki. Kipande, yaani cheti cha kazi cha mkoloni, kilianza kulazimishwa kati ya 1919 na 1920, na kila mwanamume Mwafrika mzima alikivaa shingoni ndani ya kikebe cha bati, kimeandikwa mwajiri na tarehe aliyoajiriwa. Wapelelezi wanapata vikebe vitano kwenye saraka ya karani wa mahakama. Kutoka hapo wanaweza kwenda kwenye shamba la mwajiri kutazama daftari la mishahara, au kumfuata karani aliyevificha, au kuzitafuta familia. Njia tatu, na zote zinaonyesha kwamba siku ya mauaji watu hawa walikuwa kazini. Aliyesaini hukumu alijua. Mlima utabaki nyuma kabisa, kwa atakayetaka kuufikia.

Kinachonishinda ni majina. Sitaki kuyaokota ovyo.

Mchangiaji, Kapsabet

Bado mimi ningeiruka. Lakini ukiandika, usiandike "watano". Kwetu mtoto hupewa jina la wakati alipozaliwa. Andika Kipkemboi, usiku. Kiplagat, jua likichwea. Kiprono, mbuzi wakirudi boma. Kiprotich, ng'ombe wakirudi. Kiptoo, nyumbani kukiwa na wageni. Majina ya baba zao tutayatafuta pamoja, maana mtu mzima haitwi bila arap, yaani "mwana wa".