Naomba ushauri: kituo cha pamoja cha mahindi Bweyale, tuanze na nini?

Katibu_Bweyale: Ndugu zangu, hamjambo. Kikundi chetu cha wakulima hapa Bweyale, wilaya ya Kiryandongo, Uganda, kimepata kiwanja cha mita 30 kwa 40. Wengi wanataka ghala na mashine ya kusaga vijengwe kwanza. Mavuno ya Julai na Agosti hukutana na mvua, na kila mtu anakausha chini uani kwake. Tunatarajia kupokea kama tani 40 kwa msimu. Fedha ziende wapi kwanza?

Fundi_Ghala: Dada Katibu, anzeni na sakafu ya kukaushia. Mahindi mabichi yataoza hata ndani ya ghala zuri, tena yataoza ya watu wote kwa pamoja.

Zege liwe nene sm 10, saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, juu ya kifusi kilichoshindiliwa vizuri. Katikati painuke, kisha pashuke sm 1 kwa kila mita kuelekea kandoni ili maji yasituame. Mwageni kwa vipande vya mita 3 kwa 3 na mianya izibwe kwa lami. Zege likimwagwa lote kwa pamoja hupasuka, na wadudu hujificha kwenye nyufa. Limwagilieni maji siku 7.

Mahindi yaliyopukuchuliwa yatandazwe unene wa sm 4, yageuzwe kila baada ya saa moja. Kwa unene huo mita mraba moja hubeba kilo 28 hivi, kwa hiyo sakafu ya mita 10 kwa 15 inapokea tani 4 kwa mkupuo. Mkupuo ukichukua siku 3 za jua, tani 40 ni mwezi mzima, na jua la Agosti si la kutegemea. Ndiyo maana wanachama waanze kukausha nyumbani yakiwa bado kwenye magunzi, juu ya turubai, kamwe si udongoni. Na wasipukuchue kwa kupiga fimbo: punje iliyovunjika ndiyo ukungu unaingia kwanza.

Mama_Mizani: Nakubaliana na Fundi, ila vituo vingi havivunjwi na ukungu, vinavunjwa na ugomvi wa kilo. Mtu analeta kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 20. Zikikaushwa hadi 13 zinabaki kilo 92. Asipoelezwa mapema atasema ameibiwa, na msimu ujao harudi. Hesabu iandikwe ukutani penye mizani:

kilo za kuingia × (100 − unyevu) ÷ 87 = kilo kavu (87 ni 100 − 13)

Pimeni unyevu mbele ya mwenye mzigo, mwandikie risiti ya kilo kavu papo hapo.

Katibu_Bweyale: Asante mama. Kipimo cha unyevu ni ghali. Ile ya chumvi na chupa haitoshi?

Mama_Mizani: Inasaidia nyumbani. Chupa kavu ya kioo, chumvi kavu vijiko viwili vitatu, mahindi theluthi ya chupa, itikiseni dakika 3, kisha iacheni itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita 15. Isipoganda, mmejua tu kwamba uko chini ya 15, na kiwango cha Afrika Mashariki ni 13.5. Kipimo kinunuliwe kabla ya mashine ya kusaga. Kukausha hakuondoi sumu kuvu, yaani sumu ya ukungu, iliyokwisha kuingia. Mnakumbuka Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa sababu ya sumu hiyo? Mpaka ulipofunguliwa, ikatakiwa cheti kwamba haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Fundi_Ghala: Ghala likifuata: magunia juu ya chaga za mbao, mita moja kutoka ukutani ili mtu apite kukagua, matundu ya hewa yazibwe kwa wavu wa panya. Vidonge vya kufukiza viwekwe na mtaalamu aliyefunzwa tu, gesi yake inaua, asilale mtu humo wala chumba cha jirani. Mashine ya kusaga ipewe jengo lake, maana vumbi la unga huita fukusi, na kwanza ulizeni kama umeme wa fezi tatu unafika hapo.

Katibu_Bweyale: Kiwanja tulipewa na mzee mmoja kwa maneno tu.

Mama_Mizani: Basi msimwage hata mfuko mmoja wa saruji. Sajilini kikundi, makubaliano yaandikwe kwa jina la kikundi, mzee na warithi wake watie sahihi mbele ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na majirani wa mipaka.