Miezi mitatu tunauziwa kanda mpya, kumbe ugonjwa uko kwenye BIOS!

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Ofisini tuna seva inayobeba hesabu za kampuni nzima, na kila Jumamosi usiku bakapu inaandikwa kwenye kanda ya LTO-6 (utepe wa sumaku wa kuhifadhia data). Najua kuna watakaoniambia nihamie klaudi. Asanteni, lakini kanda ikishatoka kwenye draivu na kufungiwa kabatini hakuna kirusi kitakachoifuata humo. Miaka miwili haikutusumbua hata siku moja.

Sasa wakaja mafundi wa hao jamaa waliotuuzia seva, ambao tuna mkataba nao wa matengenezo. Wakasasisha BIOS ya mazabodi (ile programu ya msingi inayowasha mashine na kushika mipangilio yake), wakanywa chai yetu, wakaondoka. Jumamosi iliyofuata bakapu ikakata saa saba usiku.

Nikawapigia. "Kanda zimechoka hizo, kaka, nunueni mpya." Tukaagiza kumi, kwao haohao. Ikakata. "Basi kichwa cha draivu ni kichafu." Kanda ya kusafishia, nayo kwao. Ikakata. Wakabadilisha kebo, wakaleta na draivu nyingine kabisa. Ikakata, tena saa saba ileile! Ndipo mmoja wao akaniuliza kama kweli mimi nimesomea haya mambo. Hapo paliniuma.

Mlinzi wetu wa getini, aliyenisikia nikibwata na simu, aliuliza swali ambalo wataalamu wale hawakuliuliza miezi yote mitatu: "Sasa si mmebadilisha kila kitu isipokuwa hiyo mashine yenyewe?"

Nikalala ofisini. Draivu ikiandika inavuma mlio mmoja kama feni iliyo mbali. Ilipokaribia saa saba ikanyamaza, maana seva ilikuwa inatoa nakala ya hifadhidata ya uhasibu, na kwa kama dakika kumi hakuna data inayokwenda kwenye kanda. Kimya kabisa. Data ilipoanza kwenda tena, draivu ikakwaruza mara moja, ikasimama. Nikafungua dmesg, yaani kumbukumbu za kerneli, kiini cha Linux: kadi ya SAS, ile inayounganisha draivu na seva, imejiwasha upya katikati ya kazi.

Nikapiga lspci -vv, amri inayoonyesha hali ya kadi zilizo ndani ya seva, na hapo ndipo nilipotaka kulia. ASPM L1, Enabled. Kwa wasioijua, ASPM ni ule mpango wa kubana umeme kwenye PCIe, njia inayounganisha kadi na mazabodi: kadi ikikosa kazi, njia yake inaruhusiwa kusinzia. Kadi nyingi husinzia na kuamka bila matata. Yetu ni ya zamani, na ikisinzia vizuri huamka imechanganyikiwa. Ndiyo maana nilipoiweka seva hii mara ya kwanza niliizima ASPM kwenye BIOS kwa mkono wangu. Wao wamesasisha, mipangilio yote imerudi ya kiwandani, hawakuandika kitu, hawakusema kitu.

Na kanda si diski, jamani. Diski ikipata reseti, mfumo unarudia kuandika palepale, na pengine hata usijue. Kanda ina utepe wa mita 846, na baada ya reseti draiva ya Linux (programu inayoiendesha draivu) haina tena uhakika kichwa kiko wapi juu ya utepe huo, kwa hiyo inagoma kuandika hadi irudishwe mwanzo. Usiku wote umekwenda na maji. Kanda ya 2.5 TB kwa kasi ya 160 MB kwa sekunde ni zaidi ya saa nne ukianza upya, hapo hujabana data.

Nikaanza na pcie_aspm.policy=performance kwenye kerneli, inayozima ASPM, ili nijiridhishe. Ikapita. Nikaingia BIOS nikaizima kabisa, nikapunguza na usingizi wa prosesa, ule wa C-states (huu sina ushahidi kwamba ulihusika, nilikuwa nimeshachoka). Jumamosi nne sasa, safi. Kwa kanda zilezile "zilizochoka", wakuu!

Wenye bakapu inayokata: kabla ya kutoa hela, angalieni kama inakata pale data inaposimama kidogo kisha ikaanza tena. Andikeni faili moja kubwa mfululizo, halafu jaribuni tena mkiweka pumziko la dakika kumi katikati. Ya kwanza ikipita na ya pili ikafa, msiguse kanda.

Nimepiga picha kila ukurasa wa BIOS, nikazichapa, nikazibandika ndani ya mlango wa raki. Fundi atakayegusa mazabodi atasaini chini yake kwanza. Na ankara ya zile kanda kumi iko mezani kwangu hapa, wamenikumbusha mara mbili wiki hii. Silipi.